Moshi, Tarakea, Loitokitok: siku tatu kwa pikipiki hadi kwa mama mkubwa

Jumatano usiku, Moshi

Mama amelisema jambo hili tangu Krismasi, na sasa ni Februari. Anataka niende Loitokitok, upande wa Kenya, kwa dada yake, mama mkubwa wangu, nikamwombee msamaha. Miaka minne iliyopita Mama na mjomba waliuza kipande cha shamba la porini, kule chini Rombo, bila kumshirikisha dada yao aliye ng'ambo ya mpaka. Alipopata habari alipiga simu mara moja tu, akasema maneno machache, akakata. Tangu hapo hawajazungumza. Mama mkubwa sasa miguu haimbebi vizuri, na Mama mwenyewe hawezi tena kukaa kwenye gari saa nyingi.

"Kwa nini usimpigie?" nilimuuliza.

"Simu haina mikono," akasema.

Sisi tunajua maana yake. Kwa Wachaga msamaha mkubwa huombwa kwa jani la sale, mmea tunaoupanda kwenye uzio. Unalichuma, unalipiga fundo, unamkabidhi uliyemkosea. Anayeletewa sale si rahisi akatae. Nikamwambia Mama kwamba mmea haupitishwi mpakani hivi hivi, una cheti chake na wakaguzi wake, nami sitaki kuanza safari ya msamaha kwa kuficha kitu begini. Akafikiri kidogo. Akasema: "Usivushe chochote. Ile sale ya uzio wake ilitoka kwa baba yetu, aliibeba mwenyewe alipoolewa. Kachume palepale kwake, halafu mkabidhi kwa mikono miwili. Uniambie alivyolipokea."

Basi nina mchana wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu saa mbili asubuhi niwe kazini. Nimechukua daftari na kuchora njia. Kwenda: Himo, Marangu, Mwika, Mkuu, Mashati, Usseri, Tarakea, kisha mpaka, Illasit, Loitokitok. Kurudi sitaki njia ileile. Nitateremka upande wa Kenya kutoka Illasit kupitia Njukini hadi Taveta, nivuke Holili, nirudi Himo na Moshi. Ni kitanzi kinachoukumbatia mlima Kilimanjaro upande wake wa mashariki, na chote hakifiki kilomita 300. Kwa pikipiki ya cc 150 si mbali hata kidogo. Kwenda mlima uko kushoto, kurudi uko kulia.

Nilipomaliza kuchora nikatoa makaratasi yote nikayapanga mezani. Pasipoti ipo, bado hai. Leseni ipo, daraja A, ndilo linalotakiwa kwa injini iliyozidi cc 125. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kipo. Kisha nikafungua kadi ya pikipiki, na hapo usingizi ukakata. Jina si langu. Pikipiki niliinunua mwaka juzi, tukaandikiana mkataba mbele ya mashahidi, nikapewa kadi, na kila mwezi nikajiambia kwamba mwezi ujao nitakwenda kubadilisha jina. Ndani ya Moshi hakuna aliyewahi kuniuliza. Mpakani ndilo swali la kwanza: chombo hiki cha nani?

Alhamisi

Siku hii sikupanda mlima wowote, lakini safari yenyewe ilifanyika leo. Naandika kwa urefu kwa sababu najua wengi wanaendesha vyombo vyenye majina ya watu wengine, kama mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa aliyeniuzia, Majengo. Namshukuru Mungu hajahama. Kubadilisha umiliki kunachukua muda mrefu kuliko niliokuwa nao, kwa hiyo tukaenda kwa wakili akaandika barua ya idhini: mwenye jina kwenye kadi anamruhusu mtu mwenye pasipoti namba fulani kuendesha pikipiki yenye namba hii ya usajili, namba hii ya chesi na namba hii ya injini, kuingia Kenya kwa tarehe hizi, na kutoka. Wakili alitupeleka nje na karatasi yake mkononi, akainama kwenye pikipiki, akasoma namba ya chesi shingoni mwa usukani, tarakimu moja moja, huku mimi nikifuta grisi kwa kidole. Kwenye mkataba wetu wa mauziano tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Kama tungenakili kutoka kwenye mkataba, barua ingeniumbua mpakani. Yeyote anayejiandaa kwa safari kama hii, nakusihi, soma namba kwenye chuma chenyewe, usisome kwenye karatasi.

Baada ya hapo bima. Bima ya kawaida ya ndani inaishia mpakani. Kwa Kenya unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo kampuni iliyokukatia bima inakuongezea kwa siku unazotaka. Watu hushangaa, maana Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini katika mpango huu wa kadi ya njano tumo. Nikachukua.

Mchana nikaenda kwa fundi. Amenitengenezea pikipiki tangu nilipoinunua na hana maneno mengi. Tukamwaga oili na kuweka mpya. Akaunyanyua mnyororo kwa kidole katikati, ukacheza kupita kiasi, akaukaza. Akabadilisha breki za nyuma, kwa sababu barabara ya Rombo ni ya kupanda na kushuka, na anayeshuka kwa breki peke yake bila gia anazichoma. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona. Alichukua waya mpya wa klachi akaulaza sambamba na ule wa zamani, kuanzia kwenye mkono wa usukani, chini ya tangi, hadi kwenye injini, akaufunga kwa utepe mweusi kila baada ya shubiri. Haukuunganishwa popote. "Ule ukikatika," akasema, "huu upo tayari njiani. Unachomeka huku na huku, dakika tano." Akanipa pia tyubu moja ya akiba, viraka, solusheni, vyuma viwili vya kubandulia tairi na pampu ndogo ya mkono. Nikaomba na spana ya ekseli ya nyuma. Fundi akasema wengi huisahau, kisha tyubu ya akiba inakuwa mzigo tu.

Jioni nikanunua koti la rifleta. Kenya wanalidai kwa dereva na abiria, pamoja na helmeti. Simu: M-Pesa ya huku inatuma fedha kwa M-Pesa ya Kenya tangu 2015, kwa hiyo sibebi noti nyingi. Makaratasi nimepiga nakala, seti moja kwenye begi, nyingine chini ya kiti, ndani ya mfuko wa nailoni.

Mama alipika mapema. Hakusema lolote kuhusu safari. Alinipa kanga mpya ya kumpelekea dada yake, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Ijumaa, Moshi hadi Usseri

Nimetoka saa saba na nusu mchana. Moshi hadi Himo ni barabara kuu, malori na mabasi, upepo wa ubavuni. Nilikaza mikono nikaipita bila kutazama chochote. Himo nikajaza tangi. Pale njia inagawanyika: ukinyoosha unakwenda Holili, ukikunja kushoto unaanza kupanda Marangu.

Dakika kumi tu na hewa imebadilika. Joto la Himo linabaki nyuma kama mlango uliofungwa, unaingia kwenye kivuli cha migomba na mikahawa, na maji ya mifongo unayasikia kabla hujayaona. Mifongo hii ya kumwagilia walichimba mababu, wakayaleta maji kutoka mtoni kwa mwinamo mdogo sana, na mingine inafanya kazi hadi leo. Marangu Mtoni palikuwa na watalii wakishushwa kwenye magari, mabegi yamepangwa, wapagazi wanapima mizigo. Nikapita. Mlima nitauona bila kuupanda.

Kuanzia Mwika barabara inazunguka mabonde. Kila kijito kilichotoka Mawenzi, kilele cha mlima cha upande huu, kimechimba korongo lake, na barabara inateremka hadi darajani, inakunja, inapanda tena. Nilishika mtindo mmoja: kabla ya kuteremka napunguza gia hadi tatu, mara nyingine mbili, injini ikamate, breki niziguse tu. Kwenye kona honi fupi. Saa nane na nusu wanafunzi walikuwa wanatoka shule, mashati meupe pande zote mbili za lami, na hapo nilikwenda mwendo wa miguu. Hakuna haraka inayostahili mtoto wa mtu.

Mkuu nilisimama kunywa chai. Kutoka pale ukitazama juu, ni Mawenzi anayekukabili, wenye meno, mweusi, mita 5,149. Kibo, kilele kirefu kuliko vyote, yuko nyuma yake amejificha. Sisi wa Moshi tumezoea kumwona Kibo kushoto na Mawenzi kulia, Kibo akiwa ndiye mwenye mlima. Huku Rombo mwenye mlima ni Mawenzi. Mzee mmoja pale mgahawani aliponiona nimekazia macho akanikumbusha ngano tuliyosimuliwa sote utotoni, ya Mawenzi kuomba moto kwa nduguye Kibo mara kwa mara hadi akapigwa kwa mchi, akapasuka kichwa. "Ndiyo maana hana kilele kizuri," akasema. Nikalipa chai yangu na yake.

Kwa mjomba, Usseri, nimefika saa kumi na moja kasorobo. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwenye migomba. Amekaa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele yake, akanikaribisha, nami nikamwomba radhi kwamba kesho naendesha. Hakunilazimisha. Tulikula ng'ombe na ndizi, tukazungumza bei ya kahawa, tukazungumza mvua. Usiku, watoto walipolala, akaingia ndani akatoka na bahasha. Alikaa nayo muda mrefu.

"Hii ni sehemu yake ya lile shamba. Ilibidi impate siku ileile. Mwambie na mimi."

Hakuongeza neno. Nami sikuuliza.

Jumamosi, Tarakea hadi Loitokitok

Saa moja asubuhi nilikuwa Tarakea. Mji umechangamka mapema, mikokoteni, magunia ya mahindi, bodaboda za pande zote mbili. Mpaka huu si geti la watalii kama Namanga. Wengi wanaovuka wana shamba huku na soko kule, au mke huku na mama kule.

Upande wetu nilianza uhamiaji, muhuri wa kutoka, kisha forodha. Afisa alichukua kadi, akaniangalia, akaangalia jina. Nikamkabidhi barua ya wakili kabla hajauliza. Akatoka nje kwenda kwenye pikipiki, akainama shingoni mwa usukani na karatasi mkononi, akasoma namba ya chesi taratibu, kama wakili alivyofanya juzi. Mapigo ya moyo niliyasikia masikioni. Akasimama, akapiga muhuri. "Safari njema."

Upande wa Kenya, hivyohivyo: uhamiaji, kadi ya njano, kibali cha muda cha chombo. Hapa lipo jambo la kuzingatia. Nilimwambia afisa mapema kwamba sitarudi kwa njia hii, nitatokea Taveta. Akaliandika. Kibali cha muda lazima kifungwe unapotoka, na ukiingilia mlango mmoja na kutokea mwingine bila kusema, unaweza kuonekana kwamba chombo chako bado kimo ndani ya nchi. Yote kwa pamoja, pande zote mbili, yalichukua saa moja na robo. Bila ile Alhamisi ningekuwa nimerudishwa Usseri.

Mstari wenyewe huuoni. Udongo ni uleule, mahindi ni yaleyale. Tulipokuwa shule tuliambiana kwamba malkia wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima, ndiyo maana mpaka unapinda hapa. Ni hadithi tu, hakuna ushahidi wake. Kilichokuwapo ni makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, waliogawana nchi kwenye ramani na kuupitisha mstari kaskazini ya mlima, mlima wote ukabaki upande wa Wajerumani. Hakuna aliyewauliza watu waliokuwa wakioana huku na huko.

Illasit ni soko, vitunguu na nyanya, Wamasai na Wakamba na Wakikuyu na Warombo wa ng'ambo. Vijana wa bodaboda wakaizunguka pikipiki wakisoma namba, maana ya kwetu inaanza na MC na zao zinaanza na KM. "Umetoka Moshi na hii leo?" Nikawaambia nimelala Usseri. "Uko sawa, mzee. Barabara ni poa hadi Loitoktok." Ilikuwa hivyo kweli, kilomita chache tu za kupanda.

Kisha nikatokea mahali ambapo miti imekatika, nikasimama kando. Kibo wote ulikuwa wazi, theluji yake juu, hakuna wingu, mita 5,895. Na Mawenzi amehamia kushoto! Nilijua itakuwa hivyo, mtu ukienda nyuma ya nyumba dirisha la kulia huwa la kushoto. Lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Mlima niliouona kila asubuhi ya maisha yangu ulikuwa umenigeuzia upande ambao mama mkubwa ameutazama kwa miaka karibu hamsini.

Nilimkuta amekaa uani kwenye kiti cha kamba, anachambua maharage. Sikuwa nimemwambia kwamba naja. Nilivua helmeti getini.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba." Akaninyanyulia macho, akaweka ungo chini. "Wewe ni wa nani? Wewe ni wa mdogo wangu."

"Ndimi."

Hakuuliza mama yako hajambo. Aliita mjukuu alete kiti na maji ya kunawa. Nikaomba ruhusa kidogo, nikarudi hadi kwenye uzio. Masale yamepandwa kwa mstari kati ya uwanja wake na wa jirani, marefu kunizidi, majani membamba ya kijani kibichi, kama yale yanayogawa kihamba na kihamba, yaani shamba la nyumbani na la jirani, kwetu Usseri. Nikachagua jani lisilo na doa. Nililipiga fundo moja katikati, polepole, kwa sababu likikunjwa kwa pupa linapasuka kwenye mshipa. Nikarudi, nikapiga goti, nikalitoa kwa mikono miwili.

"Kakutuma nani?"

"Mama. Na mjomba."

Maharage machache yalikuwa bado kwenye kiganja chake. Aliyamwaga kwenye ungo, akafuta mikono kwenye khanga, mmoja halafu wa pili, akalipokea jani kwa mikono yote miwili. Akalipitishia kidole gumba, kutoka kwenye fundo hadi kwenye ncha, mara nyingi. Hakulia, wala hakusema amesamehe. Alisema: "Hili nililileta mimi. Vipande vitano, ndani ya ganda la mgomba, kwenye basi, mwaka 75. Viwili vilikufa."

Ndipo akaanza kusimulia, na hakuacha hadi chakula kilipoiva. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka ukafungwa. Alikuwa na mtoto mmoja mchanga. Alidhani ni wiki mbili. Mwaka 1980 mama yao alifariki, bibi yangu ambaye sikumwona, na habari ilimfikia wiki tatu baadaye kupitia mtu aliyekuja usiku na kahawa ya magendo kwa njia za panya. Kahawa ilikuwa na bei nzuri zaidi huku, watu waliibeba mgongoni gizani. "Kahawa ilipita," akasema, "mimi sikupita. Nilikuwa na mimba, mume wangu aliogopa." Ulipofunguliwa Novemba 1983, alikwenda Tarakea na watoto watatu. "Aliyenipokea ni mama yako. Alikuwa amekuja kila siku kwa siku nne, anasimama tu pale, hajui nitakuja lini."

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Mama hajaisema hata siku moja.

Bahasha nilimpa jioni. Aliihesabu, akatoa kiasi, akanirudishia kiasi nimpelekee mjomba. "Mwambie ajengee kaburi la mama." Tulikula kiburu, ndizi na maharage, alichokiandaa yeye mwenyewe akiwa amekaa, akimwelekeza mjukuu. Jani aliliweka juu ya kabati, karibu na picha ya mumewe.

Jumapili, Loitokitok hadi Moshi kupitia Taveta

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kuuma vidole. Nilikagua mnyororo, oili, upepo wa tairi. Mama mkubwa alitoka na shuka begani, akasimama karibu na pikipiki, akaweka kiganja kwenye tangi kama mtu anavyomshika mtoto kichwani kabla hajasafiri. Aliniambia maneno mawili ya kumfikishia Mama. Nitayaandika mwisho.

Illasit nikakunja kuelekea Njukini. Njia hii inakwenda sambamba na ile ya Rombo, moja juu ndani ya migomba, nyingine chini kwenye nyika, na kati yake ndipo mpaka ulipo. Nilipita kijiji kinachoitwa Rombo, kiko Kajiado, Kenya. Jina moja, pande mbili za mstari. Mlima sasa uko kulia na juu, na kule juu ninakotazama ni Usseri na Mkuu nilikopita juzi. Ningekuwa na macho ya tai ningeona moshi wa jiko la mjomba.

Vumbi lilikuwapo, na migunga. Mahali fulani kabla ya Njukini nyuma kukaanza kuyumba, kulia, kushoto, kama pikipiki imelewa. Niliachia mafuta, sikugusa breki ya mbele, nikaiacha isimame yenyewe. Tairi la nyuma lilikuwa limelala.

Nikatandika kanga yangu ya kufutia chini, nikatoa vyombo. Mchungaji mmoja Mmasai, mzee, aliacha mbuzi wake akaja, akasalimia kwa Kiswahili kizuri, akashika gurudumu bila kuombwa wakati nachomoa ekseli. Hapo niliibariki ile spana. Nilibandua tairi upande mmoja, nikatoa tyubu, kisha nikaingiza vidole ndani ya tairi na kupapasa taratibu mduara wote, kwa sababu ukiweka tyubu mpya bila kumtoa adui, utaifanya kazi hiyo mara mbili. Nilimgusa robo tatu ya mzunguko: mwiba wa mgunga, mweupe, mrefu kama msumari wa inchi mbili, umeingia kati ya kashata za tairi, ncha yake imechomoza ndani kidogo tu. Mzee akauchomoa kwa nje na kisu chake. Akautazama, akaniwekea mkononi. Tyubu ya akiba, pampu, mikono ikawaka moto. Dakika arobaini. Nilimpa maji na nusu ya mkate niliofungiwa na mama mkubwa, akakubali, akarudi kwa mbuzi wake.

Waya wa klachi haukukatika. Umerudi nyumbani kama ulivyofungwa, na sitautoa.

Karibu na Taveta nilitamani kwenda kuliona ziwa Chala, lile ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno, nusu Kenya nusu Tanzania. Pancha ilikuwa imekula muda huo. Taveta nilikunywa chai sokoni, kati ya mikungu ya ndizi isiyohesabika, nikajaza mafuta kidogo. Safari nzima haijazidi lita saba.

Kituo cha Taveta na Holili ni cha huduma kwa pamoja, kilifunguliwa rasmi mwaka 2016. Maafisa wa nchi zote mbili wamo ndani ya jengo moja, unapigiwa wa kutoka na wa kuingia bila kuhama. Kibali cha muda kikafungwa, nikaomba waniandikie kwenye nakala yangu kwamba kimefungwa, wakaandika. Forodha ya upande wetu wakaiona barua, wakaisoma chesi mara ya tatu. Dakika thelathini na tano.

Himo, kisha lami ya kwenda Moshi, jua linashuka. Kibo kushoto, Mawenzi kulia.

Mama alikuwa amekaa barazani kwetu, mtaa wa Pasua, taa haijawashwa. Sijazima injini akauliza:

"Alilipokea kwa mkono gani?"

"Kwa miwili."

"Akasema nini?"

"Amesema vipande viwili vilikufa, vitatu vikashika. Na asubuhi amesema, Pasaka. Kwamba mtu akimfuata kwa gari, Pasaka yuko Usseri, na wewe usimame Tarakea kama ulivyosimama."

Mama aliinuka bila fimbo. Aliingia ndani, nikamsikia akimwomba mtoto wa jirani amtafutie namba kwenye simu. Mimi nikachota mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, nikachukua brashi, nikachuchumaa kuusafisha mnyororo uliojaa vumbi la Njukini. Dirishani wanaongea Kirombo, kwa sauti kubwa, wote wawili kwa pamoja, na hakuna anayemsubiri mwenzake amalize.